Usimwachie mwenye pawaso gogo la baba

Swali: "Fundi, hujambo. Wiki mbili zilizopita tulikata mgrevilea uliokuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Kahawa West. Matawi yalikuwa yakiangukia mabati ya jirani, na mizizi ilishafika kwenye shimo la choo. Baba aliupanda mwaka 1988, mwaka niliozaliwa, naye sasa hayuko. Shina kwa chini lina mzingo wa futi tano. Limelala kwenye nyasi vipande vitatu, kirefu kabisa ni futi kumi. Kijana wa pawaso, ule msumeno wa mnyororo, anasema hizo ni kuni tu. Atabeba kila kitu na kutusamehe pesa tulizobakisha kumlipa. Mume wangu anataka tupake magogo oili chafu tuyahifadhi. Jirani ameomba magome akachemshie dawa ya tumbo. Mimi nataka meza, au hata benchi moja la kuweka pale pale mti uliposimama. Inawezekana? Na haya magome yaliyotapakaa uani tuyafanyie nini?"

Jibu: Dada, pole kwa mti, na pole zaidi kwa mzee. Inawezekana. Meza inatoka, benchi linatoka, na mbao za rafu zinabaki. Ila mti ukishalala chini hausubiri mtu, kwa hiyo kabla hatujafika kwenye meza nakuomba ufanye mambo mawili leo jioni.

La kwanza, tafuta mkebe wa rangi ya mafuta iliyobaki mlipopaka geti, rangi yoyote ile, uipake kwenye ncha zote sita za magogo hayo, mara mbili. Mti umejengwa kama mirija iliyofungwa pamoja ikasimama wima, na maji yalikuwa yakipanda humo. Ukishaukata, mirija inabaki wazi kwenye ncha, na maji yanatoka hapo kwa kasi kuliko yanavyopenya ubavuni. Ncha inakauka na kusinyaa huku katikati bado kumejaa maji, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Baada ya wiki mbili nina hakika utaona nyufa nyembamba kama nywele zikitoka moyoni kuelekea pembeni. Usihofu. Siku ya kupasua, mwenye msumeno ataondoa inchi mbili tatu za ncha mpaka afikie palipo pazima. Rangi kazi yake ni kuzuia nyufa hizo zisizidi kuingia ndani. Kama rangi haipo, yeyusha mishumaa upake nta.

La pili, yainueni magogo kutoka kwenye nyasi. Gogo la futi kumi lenye unene huo, likiwa bichi, lina uzito wa mamia ya kilo, kwa hiyo msilibebe. Liviringisheni kwa miti miwili ya kupenyeza chini, mkisukuma vipande vya matofali polepole upande mmoja na kisha mwingine. Mgrevilea ni mti mzuri lakini hauvumilii udongo. Ukilala ardhini, mchwa wanaufikia kutoka chini na ukungu unauingia pembeni, na baada ya msimu mmoja wa mvua utakuta mabaka ya kijivu ambayo hakuna randa itakayoyaondoa. Likiwa juu ya matofali, kivulini, hewa ikipita chini yake, mna wiki kadhaa za kujipanga.

Sasa yule kijana. Mlipe pesa zake. Simlaumu, wengi wao wamezoea kwamba mti wa uani mwisho wake ni jiko la hoteli, na kwa mtu anayepimia kuni kwa mzigo, gogo lenu na tawi lolote ni kitu kimoja. Lakini angalia anachokuomba. Anaomba shina la miaka zaidi ya thelathini, lililonyooka, kwa thamani ya salio la kibarua cha siku moja. Tena ataanza kwa kulikata vipande vya futi moja na nusu ili yaingie kwenye pikapu. Gogo la futi kumi likishakatwa hivyo, hata ukijuta keshoye, meza haipo tena. Kama anapenda kuni, mpe matawi. Nitayarudia matawi.

Msikate chochote kwa urefu mpaka mjue mnatengeneza nini. Meza ya watu sita inataka mbao za futi sita, na kila upande uache inchi sita za kupoteza kwa nyufa. Benchi la watu wawili au watatu ni futi tano. Kwa hiyo gogo lenu refu liacheni zima. Vipande viwili vilivyobaki, ambavyo hukuniambia urefu wake, vipime. Kikizidi futi nne kina mbao ndani, kikipungua futi mbili ni cha vigoda na miguu ya meza.

Kuhusu kupasua, mna njia mbili. Wapo wanaopasua kwa pawaso yenyewe, kwa kukadiria kwa jicho au kwa fremu ya chuma inayoongoza msumeno. Wapo pia wenye mashine ya msumeno wa mkanda inayovutwa na gari mpaka uani. Ulizia kwenye yadi za mbao kuanzia Githurai hadi Ruiru. Nakushauri utafute ya pili hata ikikugharimu zaidi, na sababu ni hesabu nyepesi. Mnyororo wa pawaso unakula karibu sentimita moja ya mti kila unapopita. Mkanda unakula milimita tatu hivi. Gogo lako, ukishaondoa maganda ya mviringo pande mbili, lina takribani sentimita 34 za kupasua. Ukitoa mbao za milimita 28, unene ambao baada ya kukauka na kupigwa randa unakuachia inchi moja kasoro, pawaso itakupa mbao tisa. Mkanda utakupa kumi na moja. Mbao mbili za futi kumi zimegeuka unga mbele ya macho yako. Tena za mkanda zitakuwa na unene mmoja kutoka ncha hadi ncha, na fundi hatakula siku mbili akizisawazisha. Pawaso itumie tu ikiwa geti lenu haliingizi mashine, na hapo sisitiza iwe na fremu.

Kabla mtu hajaweka msumeno, nenda ukumbuke. Huo mti ulikuwa wa nyumbani. Kamba ya kuanika nguo ilifungwa wapi? Bembea ya watoto? Kuna taa ya usalama iliyopigiliwa? Mti haukisukumi nje kitu ulichopigiliwa. Unakua juu yake na kukifunika. Nimewahi kupasua gogo la mjakaranda lililotoka Lavington, na ndani, upana wa kiganja kutoka kwenye gome, kulikuwa na ndoano nzima ya kamba ya nguo, na kuzunguka chuma hicho doa la bluu nyeusi lenye urefu wa mkono. Msumeno uling'oka meno matano. Ndiyo maana wapasuaji wengi hukataa miti ya uani, au hudai ulipie mkanda ukiharibika. Chuma karibu siku zote hukaa mahali mkono wa mtu unapofika, yaani futi saba za chini, ambazo kwa bahati mbaya ndizo bora kuliko zote. Tazama gome kwa kovu, uvimbe au tundu lililozibwa. Tazama ncha za gogo pia: doa la bluu linalokwenda kama mwale ni chuma kinachokuonya kutoka ndani. Mwambie mpasuaji ukweli wote unaoujua. Akija kugundua mwenyewe, hatarudi.

Hapa ndipo ningependa ukae na gogo lako kidogo, kwa sababu mgrevilea una jambo ambalo watu wengi wenye miti hii hawajawahi kuliona. Ukishapunguza ncha moja na kabla hujaipaka rangi, ilowanishe kwa maji na uitazame kwa karibu. Utaona pete, lakini usizihesabu ukitarajia kupata miaka ya mti. Nairobi ina mvua za masika na za vuli, na pete za miti yetu hazifuati mwaka kama za nchi za baridi. Tazama mistari mingine, ile inayotoka moyoni kwenda pembeni kama njiti za gurudumu la baiskeli. Hiyo ni miale, na mgrevilea una miale mipana kuliko miti mingi unayoijua. Ubao ukipasuliwa kwa kufuata pete tu, miale hiyo inaonekana kama vistari vifupi vya kahawia, na unapata mbao ya kawaida ya dari, ile inayouzwa kila yadi. Ubao ukipasuliwa kwa kufuata mwale, kutoka moyoni kwenda nje, miale inalala wazi juu ya uso wake, na baada ya randa inang'aa mabaka mabaka kama magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ukisogeza kichwa, mabaka yanahama. Waaustralia, ambao mti huu ni wao, waliutengenezea makabati na madirisha kwa sababu hiyo. Sisi tuliletewa uwe kivuli cha kahawa na chai, ukaenea mipakani mwa mashamba kuanzia Kiambu hadi Murang'a na Meru, tukauzoea kama mti wa mpaka na kuni.

Kwa hiyo mwambie mpasuaji hivi: mbao zinazopita karibu na moyo, zile tatu au nne za katikati, azitoe nzima na azitie alama kwa chaki. Hizo ndizo zenye magamba, na ndizo za uso wa meza yako. Baadaye fundi atazichana katikati na kuutupa moyo wenyewe, upana wa vidole viwili, kwa sababu ubao wenye moyo ndani lazima upasuke. Mbao za pembeni, zenye mawimbi, ziwe za benchi na rafu. Mbao zote mpige msasa pembeni? La, bado. Mbao mbichi haifanyiwi chochote ila kupangwa.

Kupanga ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Chagueni upande wa nyumba wenye kivuli na upepo. Panga matofali mistari minne, yote yawe na kimo kimoja, futi moja na zaidi kutoka chini. Tumia kamba au mpira wa maji kupima usawa. Ubao hukauka ukiwa na umbo lile ulilolazwa nalo, kwa hiyo rundo lililopinda litakupa meza iliyopinda. Katikati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vyenye unene wa inchi moja, kila baada ya futi moja na nusu, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kile cha chini yake, kama nguzo za ghorofa. Juu funika kwa mabati yaliyotokeza pande zote, kisha weka mawe. Uzito huo ndio utakaokataza mbao za juu zisijikunje.

Usifunge rundo kwa karatasi ya nailoni. Wakati ninaanza kazi nilifunika mbao zangu za kwanza za mgrevilea kwa nailoni mwezi wa Julai, nikiogopa manyunyu, nikaacha wiki tatu. Nilipofungua zilikuwa zimeota manyoya ya kijani. Mvua ya juu izuie, upepo wa pembeni uache upite.

Itachukua muda gani? Mbao ya inchi moja, kwa hali ya hewa yetu, niipe miezi mitatu hadi minne nje, na mwezi mmoja zaidi ndani ya nyumba ambamo meza itaishi. Ukipasua ya inchi mbili kwa ajili ya benchi, hesabu mwaka. Mkipasua Desemba, Januari na Februari zitawafanyia kazi kubwa. Mkipasua Machi, masika yatawachelewesha. Wala usimtegemee mtu anayegonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusema umekauka. Chukua kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao mmoja, kipake rangi kwenye ncha, kiweke ndani ya rundo, na kila Jumamosi kipime kwa mizani ya jikoni. Andika ukutani. Mwanzoni kitapungua sana kila wiki, halafu kidogo. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, maji yaliyokuwa ya kutoka yametoka.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuumia. Yadi moja iliniuzia mbao za mgrevilea ikiniapia kwamba ni kavu, nami sikupima. Nilimtengenezea mama mmoja meza ya kulia, nzuri kwa kuitazama. Mwezi wa pili akanipigia simu. Uso wa meza ulikuwa umefunguka katikati, ufa unaopitisha sarafu. Mbao husinyaa kwa upana, na kusinyaa huko kwa kufuata pete ni karibu mara mbili ya kule kwa kufuata miale; ukiibana na gundi na misumari kabla haijamaliza, itajifungua yenyewe. Nilimtengenezea nyingine bila malipo, na tangu siku hiyo mizani haijatoka karakana.

Oili chafu. Namheshimu mume wako, kwani wazo lake ndilo la mafundi wengi wa nguzo na paa. Lakini oili ya injini ina mabaki ya chuma na kemikali zilizochakaa, haikauki kamwe, inakataa gundi na vanishi, na itachuruzikia kwenye udongo ambao labda mmepanda sukuma. Meza ambayo mtoto ataegemea kidevu haipakwi hiyo. Kama mnaogopa wadudu, kinga kubwa ni kuondoa gome lote kwenye mbao kabla ya kuzipanga, maana wengi wa mbawakawa watobozi hutaga mayai kwenye nyufa za gome, na viluwiluwi wao huanzia chini yake. Mkitaka dawa, ulizeni kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi dawa ya mbao yenye boroni inayochanganywa na maji. Inapakwa mbao zikiwa bado mbichi, inaingia pamoja na unyevu uliomo, na haina harufu.

Jambo moja la afya nisilisahau: mgrevilea huwawasha baadhi ya watu. Utomvu wake na vumbi lake vinaweza kuleta vipele mikononi na machoni. Wakati wa kubandua magome na kupiga msasa, vaeni mikono mirefu na barakoa. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sichongi mwiko, sahani wala ubao wa kukatia nyama kutoka mti huu. Meza iliyopakwa vanishi haina neno.

Tuje kwenye magome, maana umeuliza kwa uzito na nimeyaacha mpaka sasa. Jirani mwambie hapana, kwa upole. Najua tuna miti ambayo magome yake ni dawa tangu enzi za mababu. Muthiga upo, mwarobaini upo, na muiri uliokwanguliwa magome mpaka biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini mwaka 1995. Mgrevilea hauko katika ukoo huo. Ni mgeni, wazee wetu hawakuachia neno lolote juu ya kuunywa, na nimeshakueleza unavyofanya ngozi. Tumbo si mahali pa kujaribia. Tumbo likisumbua, zahanati iko.

Pahali pa magome hayo ni uani mle mle mti ulipokuwa. Yaponde kwa panga au jembe yawe vipande vya ukubwa wa kiberiti. Tandaza kuzunguka parachichi, ndizi, waridi, chochote cha kudumu mlichonacho, unene wa inchi mbili hadi tatu, na uache nafasi ya kiganja kati ya magome na shina la mmea ili shina lisioze. Yatazuia jua lisiukaushe udongo, magugu yatapungua, na mvua kubwa ya Aprili haitaupiga udongo ukawa saruji. Usiyafukie. Magome na unga wa mbao mbichi vikichanganywa ndani ya udongo, vijidudu vinavyovioza hunyang'anya mimea naitrojeni, na sukuma yako itageuka njano ukidhani ni ugonjwa. Juu ya udongo havina madhara hayo. Ukitaka mboji, changanya na mbolea ya kuku na majani mabichi, lowanisha, geuza kila baada ya wiki mbili tatu, na uwe na subira ya miezi sita au zaidi, maana gome ni gumu. Vipande vikubwa vilivyochanika vizuri wagawie wanaofuga okidi. Mmea huo hupenda kushikilia gome kuliko kukaa udongoni.

Unga wa msumeno ni mwembamba mno kwa kuku, unawaingia puani. Lakini siku fundi atakapopiga randa, yale maranda marefu yaliyojikunja yakusanyeni kwenye magunia. Kila mfugaji wa kuku wa Kahawa atayataka, mradi mbao haijatiwa dawa. Matawi yaliyonyooka yenye unene wa kifundo cha mkono yawe vijiti vya kupandishia maharagwe na nyanya, kwa msimu mmoja tu, kwani mchwa watayala. Yaliyobaki ni kuni. Zipasueni zingali mbichi, ni rahisi zaidi, mziache kivulini hadi ziwe nyepesi na zilie ngo-ngo zikigongana. Kuchoma makaa uani msijaribu. Moshi utawagombanisha na mtaa mzima, na makaa yana sheria zake.

Na wale mlioandika mkiuliza juu ya miti mingine, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi tangu mvua ilivyoangusha miti, nitagusa miwili. Mjakaranda ni mwepesi, mweupe, laini chini ya patasi. Mpigieni mchongaji kabla ya kumpigia mtu wa kuni. Wachongaji wa Ukambani, kazi iliyoanzia Wamunyu kwa Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitegemea mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa adimu, na kila gogo la mjakaranda, mwembe au mwarobaini linalofika Gikomba ni muhugu mmoja usiokatwa msituni. Mwati nao msiutazame kwa mbao tu: gome lake limejaa tanini, ile dawa ya asili ya kutengenezea ngozi za viatu. Mwenye mwati amtafute mtengeneza ngozi kabla gome halijanyeshewa.

Dada, ukiamua kupeleka magogo yapasuliwe kwingine badala ya kuleta mashine nyumbani, msipakie lori kwanza. Mbao na magogo yakiwa barabarani yanahitaji kibali cha kusafirishia kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya, na polisi hukiulizia. Nenda na ile ruhusa mliyopewa ya kukata, na kitambulisho. Ukitaka ushauri wa kitaalamu zaidi kuhusu kukausha, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana watafiti wa mazao ya misitu pale Karura. Si mbali nawe.

Benchi lako sasa. Lile la kukaa nje lisifanywe na mbao zenye magamba, hizo ni za mezani. Tumia ubao wa inchi mbili wa pembeni. Toboa na uunge kwa vigingi au skurubu za shaba. Misumari ya kawaida itatoa kutu na kuacha doa kwenye mti mweupe. Paka mafuta ya kitani kabla ya kila masika. Miguu isiguse udongo hata kwa bahati mbaya: tafuta mawe mawili bapa, yale ya Ndarugo yaliyochongwa yanafaa sana, yafukie nusu, na miguu isimame juu yake. Na kisiki cha mzee msikiache kioze hapo karibu na nyumba, kitawaita mchwa. Kichimbueni kwanza, mjaze shimo udongo na ule mboji wa magome, mshindilie, mngoje mvua moja ipite ardhi itulie, ndipo mweke mawe.